Mkononi, Si Mkobani

12 Aprili
Netta Runcie amenipa daftari hili. Anasema mjane akikaa kimya sana huishia kuongea na birika. Mimi siongei na birika, ninalitukana tu likichelewa kuchemka. Hata hivyo nimeamua kuandika msimu mzima wa gofu, nione kama tatizo langu ni miaka sitini na sita au ni visingizio. Leo: upepo wa kaskazini, mashimo tisa, mipira miwili imeliwa na miiba. Kusukuma mpira shimoni, aibu tupu. Hata kunguru walinihurumia.

15 Aprili
Upepo. Nimekaa ndani, nimepika supu ya samaki.

17 Aprili
Ukungu wa bahari uliingia saa kumi alasiri, mzito wa kufumba macho. Nilikuwa nacheza peke yangu. Kwenye shimo la saba, pale vichaka vya miiba vinapochanua njano na kunukia nazi, nilikuta fimbo ya kusukumia imeegemezwa kwenye benchi. Kichwa chake cha shaba, mshikio umezungushiwa uzi wa kijani wa kushonea nyavu. Sijui ni ya nani.

Desturi yetu hapa Portgarvie mtoto huijua kabla hajajua kusoma. Ukiokota kitu cha mchezaji mwenzio, kwanza unapiga ukelele kuelekea mbele, maana mwenyewe hawezi kuwa mbali. Asipoitika, unakipeleka kwenye kibanda cha Eck Lorimer anayeandikisha wachezaji, naye anakitundika kwenye ua mweupe wa mbao mpaka mwenyewe akione. Unakibeba mkononi, si mkobani, ili kila mtu akione pia. Na hupigi nacho hata mpira mmoja.

Sikupiga ukelele. Katika ukungu ule ningemwita nani? Nikasema nijaribu mara moja tu. Mpira wangu ulikuwa hatua kumi kutoka shimoni. Ukaenda taratibu, ukakata kona, ukatumbukia. Nikajaribu shimo la nane, ukatumbukia. La tisa nalo. Nilipofika kibandani Eck alikuwa ameshafunga na kwenda zake kunywa chai. Fimbo iko mkobani mwangu. Kesho asubuhi naipeleka.

18 Aprili
Mvua. Sikutoka.

19 Aprili
Mvua imekatika. Eck alikuwa na watu wengi, sikutaka kumsumbua.

23 Aprili
Nimeufunga mshikio kwa utepe mweusi kwa sababu uzi ule unakwaruza kidole. Hakuna sababu nyingine.

3 Mei
Nimeshinda kijiko! Kila mwezi wanawake tunashindania kijiko kidogo cha fedha cha chai, na kwa miaka kumi na tisa nimekuwa nawapigia wenzangu makofi. Leo nimepigiwa mimi. Nilisukuma mpira mara ishirini na sita tu kwa mashimo kumi na manane. Netta alinitazama kama mtu aliyeuziwa samaki wa juzi.

"Shoga, umekula nini leo?"

"Uji."

"Uji gani huo? Nipe na mimi nikapike. Na hiyo fimbo umeitoa wapi?"

"Ya Lachie. Ilikuwa stoo."

Lachie ni marehemu mume wangu, amelala makaburini mwaka wa nne sasa. Sijui kwa nini nilimtaja. Kijiko nimekiweka dirishani. Kinapendeza.

12 Mei
Kuna tangazo kibandani, herufi kubwa zimenyooka kama zimepigiwa rula: FIMBO YA KUSUKUMIA, UZI WA KIJANI. NILIIACHA KWENYE BENCHI LA SHIMO LA SABA TAREHE 17 APRILI SAA KUMI NA ROBO. NILIRUDI BAADA YA DAKIKA KUMI NA SABA. HAIKUWEPO. D. IMLACH.

Dakika kumi na saba! Ni Dod Imlach tu duniani anayehesabu hivyo. Ana miaka sabini na tisa, alikuwa fundi wa injini za mashua, na kwake sheria za gofu zinakuja kabla ya Biblia. Miaka ishirini iliyopita, kwenye fainali ya klabu, alisimama mbele ya watu wote akasema Lachie amepiga mpira usio wake. Ilikuwa kweli, na Lachie akaipoteza fainali. Jioni ile Lachie alimnunulia bia. Mimi sijamsalimia mpaka leo.

Ikiwa ni ya Dod, basi yamempata. Mla vya watu na vyake huliwa, na yeye aliila fainali yetu.

20 Mei
Ukungu tena. Mashimo tisa. Nimesukuma mpira vizuri sana. Sikufurahi sana.

27 Mei
Leo kwenye chumba cha chai cha klabu. Dod aliingia na koti limefungwa kifungo kisicho chake, akaanza kumuuliza mtu mmoja mmoja. Wanaume wale wa meza ya dirishani, ambao hawajapata kazi nyingine tangu wastaafu, wakaanza kumchokoza.

"Mzee, umeangalia kwenye friji?"

"Angalia chini ya mto, Dod! Labda umelala nayo!"

"Niliiacha benchini," alisema Dod. "Nikaenda kuutafuta mpira wangu kwenye shimo la nane. Nikakumbuka, nikarudi kwa njia ya ufukweni. Mtu ameichukua."

Binti yake Rhona amekuja kutoka Aberdeen. Ni mwanamke wa miaka hamsini, mwenye macho ya mtu asiyelala. Alimshika baba yake mkono.

"Baba, twende nyumbani."

"Siendi! Mtu ameichukua!"

"Baba, wiki iliyopita ulitafuta miwani ukiwa umeivaa."

"Miwani ni miwani! Fimbo ni fimbo!"

Watu walicheka. Nami nilicheka. Naandika hili ili nisije baadaye nikasema sikucheka.

1 Juni
Maua ya miiba yanaanza kupukutika. Sikucheza.

9 Juni
Netta amekuja na keki na habari, na habari ilikuwa nzito kuliko keki. Rhona anampeleka baba yake kwenye nyumba ya kutunzia wazee huko Aberdeen. Nyumba ya Dod itauzwa, na mnunuzi anakuja kuiangalia katikati ya Julai.

"Ni hiyo fimbo," alisema Netta. "Rhona anasema angeyavumilia mengine yote, miwani, vifungo, sufuria. Lakini mzee anashika jambo lisilokuwepo na halegezi. Anaapa iliibiwa. Kila siku anataja dakika zilezile kumi na saba. Daktari amesema mtu akianza kushuku majirani, hiyo si dalili nzuri. Maskini Dod. Aliyewahesabia wenzake kila pigo, sasa hakuna wa kumwamini hata neno moja. Mbona huli?"

Sikula. Netta alipoondoka nilikaa mezani mpaka chai ikapoa.

Nimeandika uongo humu ndani. Niliandika tarehe 17 Aprili kwamba sijui ni ya nani. Nilijua pale pale. Mkewe Dod, Jessie, alishona nyavu bandarini miaka arobaini, na hakuna mwingine aliyetumia uzi wa kijani. Yeye ndiye aliyeuzungusha mshikio ule kabla hajafa. Nilijua, na nilijua kwamba Dod alikuwa mbele yangu, nyuma ya ukungu. Ningeita, angeitika. Utepe mweusi niliuweka ili uzi usionekane. Mpaka leo nilijiambia kwamba nimechukua fimbo tu. Kumbe nimemchukulia mzee wa watu akili zake, na nimemwacha binti yake aamini kwamba hana.

10 Juni
Nimepata njia. Saa kumi na moja alfajiri, kukiwa kumeshapambazuka na hakuna mtu ila sungura, nimeubandua utepe na kuitundika fimbo kwenye ua mweupe wa Eck. Desturi imetimizwa. Mwenyewe ataiona. Nimerudi nyumbani nikala mayai mawili.

12 Juni
Ningejua nisingeitundika.

Nilikuwa kibandani Rhona na Dod walipofika. Dod aliichukua fimbo, akaigeuza, akainusa kama mkate.

"Kuna gundi hapa," alisema. "Mtu alifunga utepe juu ya uzi wa Jessie. Tazama. Inanata."

"Baba." Rhona aliongea polepole, kama unavyomwambia mtoto ateremke mtini. "Imekuwa hapa kwenye ua muda wote. Hukuiona tu."

"Nimepita hapa kila siku! Eck, mwambie!"

Eck alikuna kichwa. Eck ni mtu mwema asiyependa ugomvi. "Vitu ni vingi hapa, Dod. Labda ilijificha nyuma ya makoti."

"Na gundi?"

"Labda uliifunga wewe mwenyewe, baba, ukasahau."

Nilimtazama Dod. Nilimwona akifungua mdomo kubisha, kisha akaufunga. Akaitazama fimbo, akautazama ua, na kwa mara ya kwanza nikaona ameanza kujishuku. Akasema kwa sauti ndogo, "Labda."

Sijawahi kumsikia Dod Imlach akisema labda. Tulisimama watu wanne pale, na mmoja tu ndiye aliyejua ukweli, naye alikuwa akisoma tangazo la mashindano ya watoto.

14 Juni
Mvua.

17 Juni
Mvua. Nimekisugua kijiko mpaka kimenichosha.

19 Juni
Ukungu asubuhi, ukungu jioni. Nilifika mpaka mlangoni kwa Dod. Kulikuwa na maboksi kwenye korido. Nikarudi.

22 Juni
Nimemwota Lachie. Alikuwa anafunga kamba za viatu.

28 Juni
Nimekwenda. Niliweka mfukoni mwa koti kijiko na lile donge la utepe mweusi, ambalo sikuwahi kulitupa. Rhona ndiye aliyefungua mlango. Alidhani nimekuja kuaga, akanikaribisha jikoni, akanikatia jibini na kuniwekea biskuti za shayiri. Dod alikuwa amekaa karibu na dirisha, fimbo iko mapajani.

"Amekuja kufanya nini huyu?" aliuliza. "Miaka ishirini hanisalimii."

"Baba!"

"Ni kweli," nilisema. "Habari ya leo, Bwana Imlach." Kisha nikaweka donge la utepe mezani, kando ya jibini, na kijiko kando ya donge. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri njiani. Yote yalitoroka. "Mimi ndiye niliyeichukua. Tarehe kumi na saba Aprili, kwenye benchi la shimo la saba. Nilijua ni yako. Sikuita. Niliiweka mkobani na nikaichezea wiki saba. Kijiko hiki nilishinda kwa fimbo yako. Halafu nikaitundika kwenye ua wa Eck kwa siri, ili nisionekane. Hujasahau kitu. Hujakosea hata dakika."

Nje mtu alikuwa anakata nyasi. Dod aliweka mkono sikioni.

"Ilikuwa saa ngapi ulipoichukua?"

"Saa kumi na dakika ishirini. Nilitazama saa, maana ukungu ulikuwa unazidi."

"Niliiacha kumi na robo." Alisimama. Sikujua anaweza kusimama haraka hivyo. "Nikarudi kumi na dakika thelathini na mbili! Kumi na saba! Nilisema kumi na saba! Rhona, umesikia? Nilisema nini mimi?"

"Ulisema kumi na saba, baba," alisema Rhona, akakaa chini.

Dod alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha ikawa machozi tu, bila kicheko. Alizunguka jikoni akipigapiga sakafu kwa fimbo na kurudia, "Kumi na saba." Sijawahi kumwona mtu akifurahi hivyo kwa kuambiwa ameibiwa.

Rhona hakucheka. Alinitazama mpaka nikatazama chini.

"Unajua nimemfanyia nini baba yangu kwa sababu yako?" alisema. "Nimempeleka kwa madaktari watatu. Nimemkatia jiko asipike. Nimemwambia usoni kwamba anaota."

"Najua."

"Hujui."

"Kweli. Sijui."

Nilidhani atanifukuza, na ningeondoka bila ubishi. Lakini Dod alikuwa amekiokota kijiko na kukiinua kwenye mwanga.

"Hiki kirudi kwenye kamati."

"Nitakipeleka leo."

"Na jambo la pili. Netta anatangaza mji mzima kwamba ulicheza na fimbo ya Lachie. Hilo ulifute kwanza. Lachie hakuwahi kupigilia hata msumari usio wake."

Nikasema bila kufikiri, "Wewe ndiye uliyemshtaki kwa mpira usio wake."

"Nilimshtaki?" Dod alinishangaa. "Mama wee, hukuwa karibu. Alikuwa ameshainua mkono yeye mwenyewe. Sauti yake haikuwahi kufika mbali, ndipo mimi nikasema kwa nguvu ili mwamuzi asikie. Hakukwambia?"

Hakuniambia. Au aliniambia nami nilikuwa na shughuli ya kukasirika. Jioni ile alisema tu, "Dod yuko sawa, Ishbel," akaenda kumnunulia bia. Nimembeba Dod Imlach moyoni miaka ishirini kwa kosa ambalo hata mume wangu hakuliona kosa.

Rhona hakunisamehe, nami sikumwomba. Lakini nilipokuwa natoka, niliona ameshalichukua boksi moja koridoni na kulirudisha ghorofani.

3 Julai
Kamati. Niliyasema yote nimesimama. Nimefungiwa kucheza hadi mwisho wa Agosti, na jina langu limefutwa kwenye orodha ya vijiko. Ni haki. Wale wa meza ya dirishani sasa wana wimbo mpya: nikipita wanafunika mikoba yao.

4 Julai
Netta hanisemeshi.

14 Julai
Netta amekuja na jemu. "Nimekununia siku kumi na moja," alisema, "nimechoka, na jemu inaharibika." Nilimkumbatia mpaka akalalamika mgongo.

16 Julai
Mnunuzi wa nyumba ameambiwa asije.

20 Julai
Siku nne zilizopita Rhona alitoa masharti: baba yake atabaki nyumbani kwake mwenyewe, lakini lazima mtu mmoja aingie kila siku kuangalia jiko, dawa na vifungo. Aliuliza amchague nani. Dod akasema, "Mwizi wangu. Angalau huyu najua anachoiba." Kwa hiyo kila asubuhi saa tatu nipo kwake. Ananifungulia huku anatazama saa. Jana nilichelewa dakika nne na nikatajiwa.

Dod anasahau kweli mambo mengine. Juzi aliweka maziwa kabatini na vikombe kwenye friji. Nilivibadilisha bila kusema, naye akasema, "Nimekuona." Anachosahau anasahau, na anachokumbuka anakumbuka. Nani kati yetu hayuko hivyo?

9 Agosti
Mvua kubwa. Amenifundisha sheria ya mpira uliopotea, ambayo niliijua. Nimesikiliza yote.

1 Septemba
Nimerudi uwanjani. Wa kwanza kunialika ni Dod. Kwenye kila shimo anaiegemeza fimbo yake kwenye benchi, anaondoka hatua kumi, anageuka kunitazama.

"Bado ipo?"

"Bado ipo, Bwana Imlach."

"Sawa. Tuendelee."

Alifanya hivyo mashimo yote tisa. La tisa nikamwambia akirudia tena naitupa baharini. Alifurahi sana.

20 Septemba
Rhona alinikuta kwa baba yake.

"Bado nimekukasirikia," alisema.

"Endelea tu, una haki."

"Lakini naona amenenepa."

Kisha akanisaidia kuosha vyombo. Hatukuongea zaidi, na ilikuwa sawa.

11 Oktoba
Baridi. Nasukuma mpira vibaya kama zamani. Mara thelathini na nane.

30 Oktoba
Siku ya mwisho ya msimu. Nilicheza na Netta asubuhi, mvua nyembamba, vidole havisikii kitu. Tulikimbilia nyumbani na sikuhesabu fimbo zangu.

Baadaye nilikuwa dirishani nikingoja birika nilipomwona Dod akipanda mtaa kutoka uwanjani. Kofia imelowa, kidevu kiko juu. Mkononi, kichwa cha fimbo kikielekea mbinguni ili mtaa mzima ukione, alikuwa amebeba fimbo yangu fupi, ile yenye alama ya rangi nyekundu aliyoipaka Lachie. Rhona alimfuata nyuma na mwavuli ambao Dod hakuutaka. Watu walitoka milangoni kutazama. Wale wa meza ya dirishani walikuwa wamesimama nje ya duka la mkate, na nikaona mmoja wao akivua kofia.

Nilifungua mlango kabla hajagonga. Nilikuwa nimeshaanza kulia, sioni aibu kuandika hivyo.

"Shimo la kumi na nne," alisema Dod, akihema. "Upande wa kulia, karibu na mchanga. Nilikuita. Hukusikia, wewe na Netta mlikuwa mnapiga domo. Nimekufuata dakika ishirini na mbili."

"Ishirini na tatu, baba," alisema Rhona.

"Ishirini na mbili." Akaninyooshea fimbo kwa mikono miwili. "Shika, bibie. Sijapiga nayo hata mpira mmoja."

Birika lilikuwa linachemka. Nikawakaribisha ndani.